Mkopo wa bodi: unadaiwa ngapi, unakatwa ngapi, na kwa nini hivyo viwili havifanani

Mdogo wangu alivyopata mshahara wake wa kwanza wa ualimu alinipigia simu usiku, hata salamu hakumaliza, akauliza dada hivi hii laki na ishirini waliyokata ni ya nini, nikamwambia isome vizuri hiyo salari slipu, akasoma, akanyamaza kidogo afu akasema kumbe bodi wameshanifikia, yaani ile Bodi ya Mikopo inayokopesha wanafunzi wa vyuo hapa Tanzania. Alikuwa na mwezi mmoja tu kazini. Halafu akaniuliza swali ambalo ndo limenifanya nikae niandike haya yote: "Sasa dada, kama nakatwa laki na ishirini, ina maana nadaiwa ngapi?"

Jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Ukiangalia makato huwezi kujua deni, na ukiangalia deni huwezi kujua makato, maana ni vitu viwili vinavyohesabiwa sehemu mbili tofauti kabisa. Deni linatokana na pesa ulizotumiwa ukiwa chuo. Makato yanatokana na mshahara wako wa sasa. Watu wawili waliosoma darasa moja, mmoja anadaiwa milioni 5 na mwingine milioni 14, wakiajiriwa kwa mshahara uleule watakatwa hela ileile kila mwezi, tofauti yao itakuwa ni nani anamaliza lini. Ukishalielewa hilo robo tatu ya maneno ya mitaani kuhusu mkopo wa bodi yanakaa sawa. Wengi hawajaelewa, na wala sio kosa lao, maana hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaeleza, form unaijaza una miaka 19 au 20, unachokitaka ni jina litoke tu.

Tuanzie mwanzo kidogo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Ila mikopo yenyewe ni ya zamani kuliko bodi, serikali ilianza kukopesha wanafunzi mwaka wa masomo 1994/95 kupitia wizara, baada ya ile miaka ambayo ukichaguliwa chuo kikuu serikali inakulipia kila kitu. Ndo maana utakuta mzee wa watu ana miaka hamsini na kitu naye jina lake limo kwenye orodha, bodi ilipoanza ilirithi na madeni ya waliokopeshwa kabla haijazaliwa, na kwa wengine kumbukumbu za miaka ile zilikuwa ni za makaratasi. Zanzibar nao wana bodi yao ya mikopo ya elimu ya juu, ila hapa naongelea ya Muungano.

Sasa deni linajengwa vipi. Ukiwa chuo akili yako yote iko kwenye bumu, ile hela ya chakula na malazi inayoingia kwenye akaunti. Zamani ilikuwa 8,500 kwa siku, mwaka wa masomo 2022/23 ikapandishwa ikawa 10,000. Inatolewa kwa mkupuo, mkupuo wa siku 60 maana yake ni laki sita, na siku ya kusaini bumu kila mtu chuoni anaijua, mpaka mama ntilie wa getini anaijua. Hiyo hela unaishika kwa mkono wako na unaikumbuka. Ila kuna hela ambayo huishiki, nayo ni ada, bodi wanailipa chuoni moja kwa moja, wewe unachofanya ni kusaini tu kukubali kwamba imelipwa kwa niaba yako. Kuna na hela ya vitabu na viandikio, 200,000 kwa mwaka, kuna ya mafunzo kwa vitendo ukienda fildi, na kwa kozi zingine kuna ya mahitaji maalumu ya kitivo na ya utafiti. Zote ni deni. Nimeongea na watu wengi sana wanaosema mimi bodi nilipewa bumu tu, hizi milioni kumi na mbili zimetoka wapi, ukimwambia toa stetimenti tuisome pamoja unakuta karibu nusu ni ada ambayo hakuwahi kuiona kwa macho.

Tupige hesabu ya mfano, namba rahisi. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu, bumu kwa mwaka mzima tuseme milioni 2 na laki 4, vitabu laki 2, ada na fildi vikijumlishwa kwa asilimia aliyopangiwa tuseme milioni 1 na laki 4. Jumla milioni 4 kwa mwaka, miaka mitatu milioni 12. Juu ya hapo kuna tozo ya uendeshaji ya asilimia 1, inatozwa mara moja tu na sio kila mwaka, kwa hiyo 120,000. Deni lote 12,120,000. Ishike hiyo namba tutaitumia mpaka mwisho.

Nimesema kwa asilimia aliyopangiwa, hapo pana mkanganyiko mwingine. Ukiomba mkopo bodi wanapima uwezo wa familia yako, wanaangalia kama wewe ni yatima, kama mzazi ana ulemavu, kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ulisoma shule gani na nani alilipa, ndo maana kuna ule usumbufu wote wa kuhakiki cheti cha kuzaliwa na cha kifo RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, sahihi ya mdhamini na kadhalika. Kinachotoka ni kiwango, na kiwango hakifanani, kuna anayepata karibu kila kitu na kuna anayepata chakula tu, ada ajitegemee. Mkikutana hosteli mnalinganisha na kununiana, lakini kumbuka na hii, aliyepangiwa kikubwa ndo atakayedaiwa kikubwa. Mkopo sio zawadi, zawadi inaitwa ufadhili, kwa mfano ile Samia Skolashipu iliyoanza 2022/23 kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, ile hairudishwi. Nimeona wazazi wanachanganya hivi viwili, mama mmoja jirani yetu aliniambia mwanangu serikali imemsomesha, na alikuwa anaongea kwa furaha nikashindwa hata kumkatisha, ila kijana mwenyewe nilimwambia.

Kuna lingine ambalo halisemwi. Hata ukidisko, yaani ukiondolewa chuo kwa kufeli, hata ukiacha mwenyewe mwaka wa pili, ulichokwishapokea ni deni. Wapo vijana walioachia njiani, wako mtaani wanajua mambo ya bodi yaliishia palepale kwa sababu hawana cheti, na hapana, hayakuishia. Ulichokopa hakiangalii kama ulihitimu.

Haya, umemaliza chuo. Sheria inakupa miezi 24 ya kujipanga kabla ya kuanza kurejesha. Ila hapa ndo mdogo wangu alishangaa, yeye hakufikisha hata mwaka mtaani, alipata ajira mapema, na makato yakaanza na mshahara wa kwanza. Ukiajiriwa ndani ya ile miezi usitegemee kuachwa, hasa serikalini ambako mishahara inalipwa kwa mfumo mmoja, jina lako likiingia kwenye mfumo na bodi wanakuona. Ile miezi 24 ni ya aliyekosa kazi zaidi kuliko aliyepata.

Kiwango cha makato kwa mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Neno msingi hapo lina uzito, haikatwi kwenye posho, haikatwi kwenye ovataimu, ni ule mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira. Mdogo wangu yeye tuseme msingi wake ni laki 8 kamili na deni lake ni lile la mfano wetu, asilimia 15 yake ni 120,000, na sasa unaona kwamba ile namba iliyomshtua haina uhusiano wowote na milioni zake 12. Angekuwa anadaiwa milioni 3 bado angekatwa 120,000, ila angemaliza miaka miwili na kidogo. Kwa deni la 12,120,000 ni miezi 101, yaani miaka minane na miezi mitano, mshahara ukipanda na makato yanapanda hivyo anamaliza mapema zaidi.

Nilimchorea slipu yake yote kwenye daftari ili aone pesa inakwenda wapi. Laki 8, mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5 ni 40,000. Inabaki 760,000 ndo inayotozwa kodi, PAYE yake ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 16,000. Bodi 120,000. Jumla ya makato 268,000, mkononi 532,000. Ukiangalia vizuri bodi ndo mkataji mkubwa kuliko wote hapo, anazidi hata kodi ya serikali, anazidi pensheni mara tatu. Na lipo jambo la pili ambalo watu wanaligundua wakishafika benki: kuna kanuni ya theluthi moja, kwamba makato yote kwa ujumla yasimwache mtumishi na chini ya theluthi ya mshahara wake. Theluthi ya laki 8 ni kama 267,000, kwa hiyo benki ikija kupima mkopo wako haianzii kwenye 800,000, inaanzia kwenye kilichobaki baada ya bodi na wenzake, na kile inachoweza kukukata ni kama 265,000 tu kwa mwezi. Mtu anapanga kuchukua mkopo wa kiwanja akijilinganisha na mwenzake ambaye hakusoma kwa bodi, anashangaa yeye anapewa kidogo. Sababu ni hiyo.

Sasa nije kwenye historia ambayo bado inawauma watu, na mimi ni mmoja wao. Zamani makato yalikuwa asilimia 8. Mimi niliajiriwa kipindi hicho, form niliyosaini nikiwa chuo ilisema 8, nikapanga maisha yangu kwa 8. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa ikawa 15, na mwanzoni mwa 2017 slipu zikabadilika, sio kwa wapya tu, kwa wote, hata sisi tuliokuwa tumeshaanza kulipa kwa mkataba wa zamani. Nakumbuka mwezi ule ofisini kwetu hakuna aliyekuwa anaongea kitu kingine. Ulikuwa umeshapanga nyumba, una mdogo wako unamlipia shule, una marejesho ya vikoba, ghafla karibu mara mbili ya makato. Mimi mpaka leo naona haikuwa sawa kumbadilishia mtu masharti katikati ya safari, kama ilikuwa lazima wangeanza na wanaosaini mikataba mipya.

Lakini kuna jambo ambalo wakati ule hatukuliona kwa sababu ya hasira, na nataka nilieleze taratibu maana ndo mzizi wa mambo yote. Adui yetu mkubwa haikuwa ile 15. Ilikuwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo, watu wengi wanaijua kwa herufi zake tatu, VRF, asilimia 6 kwa mwaka. Maelezo yake yalikuwa kwamba milioni moja ya leo sio milioni moja ya miaka kumi ijayo, kwa hiyo ili mfuko usiishe thamani, deni liongezewe 6 kila mwaka. Kimantiki inaeleweka. Ila chukua lile deni letu la milioni 12, asilimia 6 yake ni 720,000 kwa mwaka. Mwenye mshahara wa laki 8 akikatwa asilimia 8 analipa 64,000 kwa mwezi, kwa mwaka 768,000. Toa uone. Amelipa laki saba na sitini na nane, deni limepungua 48,000. Elfu nne kwa mwezi! Na mwenye mshahara mdogo kuliko huo, au deni kubwa kuliko hilo, deni lake lilikuwa linapanda huku anakatwa kila mwezi bila kukosa. Mimi mwenyewe nilikuwa nachukua stetimenti mwisho wa mwaka naiangalia, nasema kuna mtu amekosea, nimelipa mwaka mzima mbona niko palepale, hakuna aliyekosea, hesabu ndo ilivyokuwa.

Ndo utaona kwamba makato ya 15 pamoja na tozo ya 6 ilikuwa inaumiza mfukoni ila angalau deni lilikuwa linasogea, 1,440,000 kwa mwaka ukitoa 720,000 nusu inabaki kupunguza deni. Na kwa asiyeajiriwa ilikuwa mbaya zaidi, maana juu ya hiyo 6 kulikuwa na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyepitisha muda wa kujipanga bila kuanza kulipa, kwa deni la milioni 12 ni milioni 1 na laki 2 imeongezeka kwa sababu tu hukupata kazi. Kijana hana ajira, anauza mitumba, deni linaongezeka anazidi kujificha, anavyozidi kujificha linazidi kuongezeka. Kuna rafiki yangu alikuwa anakataa kuajiriwa rasmi kabisa, anapiga vibarua vya mkono kwa mkono, sababu ni hofu ya bodi tu, na alikuwa kichwa kweli darasani.

Mei Mosi ya mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia akatangaza kuifuta ile asilimia 6. Muda mfupi baadaye wizara ya elimu ikatangaza na ile adhabu ya asilimia 10 inaondoka, kuanzia tarehe 1 Julai 2021. Mimi naiona hiyo kuwa ni badiliko kubwa kuliko yote tangu bodi ianze, kubwa kuliko bajeti ya mikopo kupanda kutoka bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 570 mwaka uliofuata, maana kabla ya hapo deni lilikuwa ni kitu chenye uhai, kinakua kikiachwa. Sasa hivi limesimama. Ukidaiwa 12,120,000 leo na usilipe chochote, mwakani ni 12,120,000. Kila shilingi unayoweka inakata shilingi. Kwa wanaolinganisha, majirani zetu Kenya mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 na ukikwepa kuna faini ya shilingi 5,000 za kwao kila mwezi, kwa hiyo kwa upande wa riba sisi tuko pazuri zaidi.

Kama ulikuwa na deni kabla ya hiyo Julai 2021, stetimenti yako isome mstari kwa mstari, uone mkopo halisi ni ngapi na tozo za nyuma zimeandikwaje, na kitu usichokielewa uliza kwa maandishi. Usiridhike na jumla iliyoko chini.

Nirudi kwenye 15, maana vyama vya wafanyakazi wameipigia kelele miaka mingi na Mei Mosi haipiti bila kutajwa. Hoja ya bodi inaeleweka, makusanyo ndo yanayokopesha wadogo zetu walioko form six sasa hivi, na bila ile tozo ya thamani, pesa ikirudi polepole inarudi ikiwa imepungua nguvu. Kwa 8 lile deni la mfano lingechukua miezi 190, karibu miaka 16, kwa bei za vitu zinavyopanda huyo mwanafunzi wa mwaka wa 16 atanunulia nini ile elfu kumi. Hapo nakubali. Nisichokubali ni asilimia moja kwa wote. PAYE yenyewe inajua kwamba anayelipwa 270,000 asitozwe kitu na anayepata zaidi ya milioni atozwe zaidi, imepangwa kwa ngazi, lakini bodi inamkata 15 mwalimu wa shule binafsi anayelipwa laki 4 na inamkata 15 meneja wa milioni 4. Laki 4 ukitoa elfu 60 huyo mtu analipa kodi ya chumba na nini? Wangeweka ngazi na huku wangeanzia hata 5, wakubwa walipe 15 au zaidi, makusanyo wala yasingeyumba sana na hawa wadogo wangepumua. Hayo ni maoni yangu na nayasimamia.

Kwa asiye na ajira rasmi. Huku ndo kwenye watu wengi, na ndo kwenye ukimya. Miezi 24 ikiisha sheria haikuulizi umepata kazi au hujapata, unatakiwa uwe umeanza, na kwa aliyejiajiri hakuna mwajiri wa kumkatia, inabidi aingie mwenyewe kwenye mfumo wa bodi onlaini, atoe namba ya malipo, alipe kwa simu au benki. Sasa hivi kwa kuwa deni halikui nawashauri wote ninaowajua, mwenye duka la simu, mwenye bodaboda, mwenye saluni, aanze na chochote, hata kama ni kidogo, maana kinachokutenganisha na orodha ya wadaiwa sugu ni kuonekana unalipa. Bodi wamewahi kutoa majina ya wadaiwa hadharani, na mwishoni mwa 2024 walianzisha kampeni ya kufichua wasiolipa, ile ya "kuwa hero wa madogo". Taarifa za wadaiwa zinapelekwa pia kwenye taasisi za taarifa za mikopo, kwa hiyo siku unayoenda benki kukopa mtaji wa biashara, swali la bodi linakusubiri pale kaunta. Yule rafiki yangu wa vibarua alianza mwaka juzi kulipa kidogokidogo kutoka kwenye biashara yake ya vifaa vya umeme, ameshaacha kubadilisha laini za simu.

Bado kuna eneo moja, na hapa naomba mwenye kazi ya sekta binafsi asome mara mbili. Serikalini makato yanatoka hazina yanaenda bodi, ni mara chache sana yapotee. Sekta binafsi kuna mtu katikati, mwajiri. Sheria inamtaka mwajiri akimwajiri mhitimu atoe taarifa bodi ndani ya siku 28, na makato ya kila mwezi ayapeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, akichelewa adhabu ni yake. Karatasini safi. Binti mmoja tuliyesoma naye alifundisha shule moja ya binafsi zaidi ya mwaka, slipu zote zinaonyesha bodi, bodi, bodi, miezi 14. Alipohamia serikalini akachukua stetimenti akakuta hakuna hata mwezi mmoja ulioingia. Hela ilikatwa kwake na ikaishia kwa mwajiri. Alilia kwa kweli, laki saba na kitu sio hela ndogo kwa mwalimu. Kilichomwokoa ni kitu kimoja, alikuwa ametunza slipu zote kwenye bahasha, akazipeleka ofisi ya kanda ya bodi pamoja na barua ya ajira, ikachukua miezi mingi lakini mwajiri alifuatiliwa na mwishowe miezi yake ikaandikwa. Mwenzake waliyekuwa wanakaa naye staff moja hakuwa na slipu hata moja, yeye alianza upya kama hakuwahi kukatwa.

Kwa hiyo usisubiri kuhama kazi ndo uangalie. Ingia kwenye akaunti yako ya bodi kila baada ya miezi mitatu, linganisha miezi iliyoingia na slipu zako, ukiona pengo la miezi miwili mfululizo anza na mhasibu wa hapo kazini kwa heshima, akikuzungusha nenda bodi, wana ofisi za kanda Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar, sio lazima ufunge safari mpaka Dar. Angalia pia jina. Aliyesoma anaitwa hivi, kaolewa kabadili jina, kazini anatumia la tatu, makato yanaingia bila kumkuta mwenyewe. Namba ya form four na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndo zinazokuunganisha, hakikisha ziko sahihi kote.

Na mwisho wa safari nao una mtego wake. Deni likiisha makato hayajizimi siku ileile, kuna mwezi au miezi inaweza kupita bado unakatwa, mimi nilikatwa miezi miwili ya ziada. Ukibakiza kama miezi mitatu andika barua bodi waeleze salio, wakishathibitisha umemaliza unapewa cheti cha kumaliza deni, hicho kipeleke kwa mwajiri nakala na wewe baki na yenyewe. Kilichozidi unakiomba kwa maandishi ukiambatanisha slipu na namba ya akaunti, kinarudishwa, mimi changu kilirudi. Mdogo wangu nimemwambia anunue faili gumu lile la plastiki, slipu ya kwanza aweke leo, na asubuhi yake alinitumia picha ya faili na slipu ndani, juu ameandika kwa kalamu nyekundu: 1 kati ya 101.